Simu ipewe nakala, ya asili iwekwe

Siku hizi kila mtaa una fundi wake wa video. Ukipita penye kibanda cha kuuzia chaja na vifuniko vya simu, hukosi kuona kompyuta kuukuu juu ya meza, kijana ameinama mbele yake, na ubao ulioandikwa kwamba hapo hutiwa nyimbo, filamu na picha za harusi katika simu au katika flashi. Mteja huja na kanda yake au diski yake, hulipa, hungoja kidogo, kisha huondoka na starehe yake mfukoni. Kazi hii imewapa vijana wengi riziki, na imewafikishia picha watu wasio na televisheni wala mashine ya kuchezea kanda. Sikushika kalamu kuilaumu.

Lakini limo jambo moja ndani ya kazi hii ambalo tumelifumbia macho kwa muda mrefu, nami nataka leo tulizungumze bila kuoneana haya. Tumechanganya kugeuza video na kuihifadhi. Tunadhani picha ikishaingia simuni imehifadhika, na kwamba kile ilikotoka, iwe kanda, diski au faili kubwa, ni takataka ya kutupwa ili nyumba ipate nafasi. Mimi nasema sivyo. Video iliyogeuzwa ili ichezwe katika kifaa cha mkononi ni nakala ya kutumia tu, kama kanga ya kushindia jikoni. Ile ya asili ndiyo mali. Anayeitupa ametupa kitu ambacho hakuna fundi, awe hodari wa namna gani, atakayeweza kumrudishia.

VIDUDE VYA MKONONI

Yafaa tukumbuke mambo haya yalianzaje. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPod, kidude cha kusikilizia muziki. Mwaka 2005 ikatoa iPod iliyoweza kuonyesha na video, kioo chake kikiwa na nukta 320 kwa upana na 240 kwenda juu. Kampuni ya Sony ya Japani nayo ilikuwa imekwisha toa PSP mwishoni mwa mwaka 2004, kidude cha michezo kilichoonyesha pia filamu, kwa kioo cha nukta 480 kwa 272.

Wengi wetu hatukuwa na fedha za kununulia hivyo. Tulivyovipata sisi ni vile vya bei nafuu kutoka China, ambavyo madukani viliitwa MP4. Kichekesho ni kwamba vingi katika hivyo havikuweza kucheza faili ya MP4 hata kidogo! Vilitaka faili za aina yao wenyewe, zilizoitwa AMV, zenye picha ndogo mfano wa stempu ya posta, tena zilizokwenda kwa kurukaruka kwa sababu zilionyesha picha kumi na kitu tu kwa sekunde, badala ya 25 tulizozizoea katika televisheni. Baadaye zikaja simu zilizocheza faili za 3GP, ambazo mara nyingi picha yake ilikuwa ya nukta 176 kwa 144.

Vifaa vya miaka hiyo vilikuwa na upungufu wa namna tatu. Kioo kilikuwa kidogo, basi picha kubwa haikuwa na pa kukaa. Chipu ya kufumbulia video ilikuwa nyonge, basi faili nzito ilikwama kama lori la mzigo mlimani. Na nafasi ya kuwekea vitu ilikuwa haba. Mwenye memori kadi ya megabaiti 256 alijiona tajiri. Ndiyo maana ilimbidi fundi aichukue video, apunguze ukubwa wa picha, apunguze idadi ya picha kwa sekunde, kisha aiminye mpaka iingie. Huko hakukuwa kuharibu. Kulikuwa kukata nguo kwa kipimo cha mwili.

Ubaya ni kwamba mwili ulikua, nguo ikabaki ile ile. Apple ilitangaza mwisho wa iPod mwaka 2022. Vile vidude vya MP4 vimelala katika makabati, betri zimevimba. Simu ya kawaida ya leo ina kioo cha nukta 720 au 1,080 kwa upana, na televisheni nyingi za sebuleni zina nukta 1,920 kwa 1,080. Faili iliyokitosha kabisa kioo cha mwaka 2006, leo ukiitia katika televisheni huoni ila miraba ya rangi inayotetemeka. Kifaa kimekufa, na nakala iliyokatwa kwa kipimo chake imebaki yatima.

HESABU YA NUKTA

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa maana maneno matupu hayamshawishi mtu. Picha ya televisheni ya mtindo wa PAL, ambao ndio uliotumika Kenya kabla ya kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, ikitiwa katika diski ya DVD huwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwenda juu. Zidisha, utapata nukta 414,720. Picha ya 3GP ya nukta 176 kwa 144 ina nukta 25,344. Sasa gawanya. Utaona kwamba katika kila nukta 16 zilizokuwako, imebaki moja tu. Ni kweli kwamba kanda ya VHS haina uwazi wa kuzijaza nukta zote hizo za DVD, lakini ina mengi sana kuliko yale yanayoweza kukaa katika nukta 25,344.

Basi mwambie mtu achukue picha ya babu yako, aikate vipande 16, akupe kimoja, na 15 avitie motoni. Utakubali? Lakini ndivyo tunavyofanya tukiipokea nakala ya simu na kuiacha kanda dukani.

KIKAPU NA MATUNDA

Jambo la pili linalotupoteza ni majina. Watu wengi hudhani kwamba MP4, AVI, MKV na 3GP ni aina za picha. Hivyo ni vikapu tu. Ndani ya kikapu mna picha iliyofungwa kwa mtindo wake, na sauti iliyofungwa kwa mtindo wake. Vikapu viwili vyenye jina moja vyaweza kuwa na matunda tofauti kabisa. Kikapu cha AVI, mathalan, kilitolewa na Microsoft mwaka 1992, na tangu hapo kimechukua matunda ya kila namna, mabichi kwa mabivu.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu fundi akikwambia, "Mama, simu yako haichezi hii," jambo la kumwuliza ni hili: kinachokataliwa ni kikapu au ni matunda? Ikiwa simu yaweza kuyala matunda, lakini hakitaki kikapu, dawa ni kuyahamisha matunda mazima mazima katika kikapu kingine. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hakuna hata nukta moja inayopotea. Programu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000 na inayotolewa bure, huifanya kazi hiyo vizuri sana. Lakini fundi aliyezoea kubonyeza kitufe kimoja huyamenya matunda yote na kuyaponda, kisha akakuletea uji.

Tena mara nyingi siku hizi hakuna haja ya kugeuza chochote. Mtindo wa kufunga picha uitwao H.264, uliokubaliwa mwaka 2003, huchezwa na karibu kila simu ya kisasa bila taabu. Na programu ya VLC, iliyozaliwa katika chuo kimoja cha Ufaransa na ambayo pia ni ya bure, hufungua takriban kila kikapu utakachoipa. Kabla hujamlipa mtu akugeuzie, jaribu kwanza kuicheza ile faili ilivyo.

Kadhalika, wapo wanaodhani kwamba jina la faili ndilo linaloifanya iwe nyepesi au nzito. Uzito hutokana na biti zinazotumika kwa kila sekunde, basi. Video ya kilobiti 1,000 kwa sekunde, kwa muda wa saa moja, ni megabaiti 450, iwe ndani ya MP4 au AVI. Ile ya kilobiti 200 kwa sekunde ni megabaiti 90. Kwa hiyo mteja asiridhike kuambiwa "nimekuwekea MP4." Na aulize: umeweka biti ngapi kwa sekunde, na picha ni ya nukta ngapi? Fundi mjuzi atajibu mara moja. Asiyejibu, chukua kanda yako uende zako.

TUI LA TATU

Mpishi wa Pwani hahitaji kuelezwa mengi juu ya hasara ninayoizungumzia. Akikuna nazi, akaikamua mara ya kwanza, hupata tui zito. Akitia maji na kukamua tena, hupata tui jepesi, na la tatu huwa jepesi zaidi. Kila moja lina kazi yake. Jepesi hutangulia chunguni, na zito hutiwa mwisho ili mchuzi upate ladha. Lakini sijaona mpishi aliyelichemsha tui la tatu akapata la kwanza.

Video nayo ni vivyo hivyo. Programu ya kugeuza huiminya picha kwa kuchagua yale ambayo huenda jicho lisiyaone: mikunjo ya kanga, vivuli vya ukutani, majani ya mnazi kule nyuma. Huyatupa hayo, na yakishatupwa yamekwenda. Ukiichukua nakala hiyo ukaigeuza tena kwa ajili ya kifaa kingine, programu haijui lipi lilikuwa uso wa bibi harusi na lipi ni doa lililoachwa na kuminya kwa kwanza. Hulishika doa kana kwamba ni sehemu ya uso, na hutupa mengine zaidi. Hilo ni tui la pili. Ikigeuzwa mara ya tatu, ikarushwa kwa WhatsApp ambako huminywa tena, ikapokewa na kurushwa kwingine, utapata maji yenye harufu ya nazi.

Tazama vile vipande vya vichekesho vya zamani vya televisheni yetu vinavyozunguka katika simu. Marehemu Mzee Ojwang', aliyefariki mwaka 2015, alikuwa bingwa wa kuchekesha kwa uso. Alipanua macho, akakunja kipaji, na watazamaji wakavunjika mbavu kabla hajatamka neno. Katika vipande vingi nilivyotumiwa mimi, macho yale hayaonekani. Mtoto wa leo husikia sauti na kuona sanamu ya ukungu, akajiuliza wazee walikuwa wakicheka nini.

Na jihadharini na hila moja. Wako mafundi wanaoichukua faili ya 3GP wakaigeuza kuwa faili kubwa, wakamwambia mteja kwamba sasa imekuwa "HD." Faili kweli imekuwa nzito, lakini uzito ule ni wa maji. Kuongeza maji hakurudishi tui.

KAYAMBA IMEKWENDA WAPI?

Nimesema sana juu ya picha, lakini hasara ya sauti ndiyo inayonichoma zaidi. Faili nyingi za 3GP zilibeba sauti iliyofungwa kwa mtindo wa AMR, nao ulibuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Mtindo huo hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kwa kanuni ya elimu ya sauti, ukipima mara 8,000 huwezi kushika mtetemo wowote unaozidi 4,000 kwa sekunde. Mtu akisema "hujambo" hilo halina neno, utamwelewa. Lakini kayamba je? Njuga za miguuni je? Nyuzi nyembamba za ganuni katika taarab? Utamu wa ala hizo uko juu huko, mahali ambapo AMR imekata kwa kisu.

Matokeo yake ni kwamba ngoma ya Wamijikenda iliyopita katika nakala ya namna hiyo husikika kama inapigwa ndani ya mtungi. Kayamba, ambayo ndiyo inayowapa wachezaji mwendo, imegeuka mvumo wa redio isiyoshika stesheni. Kijana atakayejifunza kupiga kayamba kwa kusikiliza nakala ile atajifunza nini?

Yaliyomfika mama yangu mdogo nitayaeleza kwa ufupi, kwa sababu yamewafika wengi. Aliolewa hapa Mombasa mwaka 1989, na kanda mbili za VHS zilirekodiwa siku ya wanawake. Humo alikuwamo nyanya yetu akicheza vugo na wenziwe, pembe za nyati mkononi, akiongoza. Nyanya alifariki mwaka 1996, na hakuna picha nyingine inayomwonyesha akitembea, sembuse akicheza. Mwaka 2009 mama mdogo alizipeleka kanda hizo katika duka moja ili zitiwe katika simu. Alipewa memori kadi. Alipoziulizia kanda, kijana akamjibu, "Za nini tena, mama? Ziko zote humo ndani." Aliporudi baada ya siku chache kuzidai, zilikuwa zimekwisha tupwa.

Kadi ile tunayo hadi leo, na video yenyewe inacheza. Nyanya ni miraba sita au saba ya rangi ya udongo inayosogea kulia na kushoto. Mlio wa pembe, ule mkavu unaokata hewa, haumo. Wajukuu waliozaliwa baada yake wakiuliza ni yupi, tunawaonyesha kwa kidole: huyu hapa, mwenye leso nyekundu. Wanaitikia kwa adabu, lakini najua hawajamwona.

Tena, sisi wanawake tuna jambo jingine la kuliangalia hapo. Picha za siku ya wanawake hazikurekodiwa ili zitazamwe na kila mpita njia. Fundi anapozigeuza, nakala hubaki katika kompyuta yake. Mwenye kanda ana haki ya kukaa pale mpaka kazi iishe, na kumwomba fundi azifute mbele ya macho yake.

MAKOSA YASIYO NA FAIDA

Kuna hasara nyingine ambazo hazipunguzi hata uzito wa faili. Hutokana na uvivu tu. Picha ya kamera ya zamani ilikuwa na umbo la 4 kwa 3. Vioo vya leo ni vipana, 16 kwa 9. Fundi mvivu huivuta picha ijae kioo, na bibi harusi aliyekuwa mwembamba hugeuka pipa. Yafaa aiache michirizi nyeusi pande mbili. Michirizi haimdhuru mtu.

Vilevile kamera za kanda zilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, au kinyume chake. Zikichezwa katika kioo cha simu bila kuunganishwa sawasawa, kila anayetikisa mkono huota meno ya kitana. Programu kama HandBrake, iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka 2003 na isiyouzwa, ina mahali pa kuondolea meno hayo. Ni kubonyeza tu. Lakini meno yale yakishaminywa ndani ya faili ndogo, kuyang'oa ni shida kubwa.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Najua nitaambiwa: kanda zinaoza, mashine hazipo, sasa tuziwekeeni nini? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine mpya za VHS, iliacha mwaka 2016. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilionya mwaka 2015 kwamba kanda ambazo hazitakuwa zimehamishwa kufikia mwaka 2025 nyingi zitapotea, na mwaka huo umekwisha kupita. Huku kwetu Pwani, joto na unyevu hazizihurumii kanda. Ukungu mweupe huzifunika kama mkate uliosahauliwa.

Lakini hoja hiyo yatuhimiza tugeuze vizuri. Haituruhusu kugeuza vibaya. Ikiwa mashine iliyobaki yaweza kuicheza kanda yako mara moja tu kabla ya kukatika, je, mara hiyo moja utaitumia kutengeneza picha ya stempu? Mwambie fundi aihamishe kanda kwanza katika faili kubwa, kwa ukubwa wake wote na sauti yake yote. Faili hiyo ndiyo itakayokuwa ya asili siku kanda itakapokufa. Kisha, kutoka faili hiyo, na akutengenezee nakala ya simu, ya flashi ya gari, ya shangazi aliye Muscat, yoyote utakayo.

Wengine watasema nafasi ni ghali. Haya, tupige hesabu tena. Ukihamisha kanda kwa kiwango kizuri cha DVD, tuseme kilobiti 5,000 kwa sekunde, saa moja huchukua gigabaiti 2 na robo. Harusi nzima ya saa nne ni gigabaiti 9. Flashi ya gigabaiti 16 inaibeba na nafasi ikabaki. Hata ukitaka mtindo wa DV, wenye gigabaiti 13 hivi kwa saa, harusi hiyo haizidi gigabaiti 52, nayo diski ya nje ya kompyuta huimeza kama punje ya mtama. Gharama ya vifaa hivi haifiki hata ya pilau iliyoliwa siku ile.

Na wako watakaosema kwamba watu hawajali uwazi wa picha. Wanataka kuona tu na kucheka. Kwa filamu ya kutazama ndani ya matatu, nakubali. Filamu ile ina ya asili yake kwa mwenyewe aliyeitengeneza, na yetu ikiharibika hakuna kilichopotea duniani. Lakini harusi ya nyumbani kwenu, mahubiri ya marehemu mchungaji wenu, maulidi ya kijiji chenu, mzee akieleza asili ya ukoo, hakuna mwenyewe mwingine mahali popote. Mwenyewe ni wewe. Ukiwa huna, basi ulimwengu mzima hauna.

TUFANYEJE?

Kwa mteja, ushauri wangu ni mfupi. Usiondoke dukani bila kanda yako au diski yako, hata ukiambiwa haina kazi. Dai faili kubwa pamoja na ile ndogo. Iweke faili kubwa mahali pawili, katika nyumba mbili ikiwezekana, maana flashi hupotea na diski hufa bila kuaga. Ipe jina linaloeleweka, lenye mwaka, mahali na majina ya watu, si lile la tarakimu linalotoka ndani ya mashine. Na ukitaka kumtumia ndugu yako kwa WhatsApp bila kuiminya, itume kama hati, usiitume kama video.

Kwa fundi, nasema hivi: wewe ni zaidi ya mwuza burudani. Umeshikilia kumbukumbu za mtaa mzima, na pengine hujui. Andika ubaoni bei mbili, ya nakala ya simu na ya faili kamili, na umweleze mteja tofauti yake. Wengi watalipa ya pili wakielezwa. Usitupe kanda ya mtu. Akiisahau, mpigie simu.

Kwa vikundi vya ngoma, kwaya, madrasa, na shule zinazokwenda katika tamasha za maigizo, mmoja kati yenu na apewe kazi ya kutunza faili za asili, kama vile mweka hazina anavyotunza fedha. Katika mikutano yenu na aulizwe: ziko wapi, ziko ngapi, zinafunguka? Kikundi kinachoweza kuhesabu viti vyake vya plastiki hakishindwi kuhesabu video zake.

Nasi sote tuache kusema "iko kwa simu" kana kwamba simu ni sanduku la chuma. Simu huibwa, huzama, huvunjika, na baada ya miaka michache hubadilishwa. Kesho kitakuja kifaa kingine, chenye kioo tusichokijua na kikapu tusichokijua, nacho kitataka nakala iliyokatwa kwa kipimo chake. Mwenye faili ya asili atakata nakala hiyo kwa dakika chache, nayo itapendeza. Asiyekuwa nayo atakamua tui la nne.